Kibali cha maji, mita 60 na ofisi nyingi: jinsi mto unavyosimamiwa kisheria Tanzania Bara

Mkulima wa mpunga wa Mbarali anayetaka kuchepusha maji ya mto kuyapeleka shambani anaingia, apende asipende, katika mamlaka ya ofisi zisizopungua nne. Ardhi anayolima ni suala la halmashauri ya kijiji. Maji yanayopita kando ya ardhi hiyo yapo chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye makao yake Iringa. Akijiunga na wenzake kujenga skimu ya umwagiliaji, atakutana na Tume ya Taifa ya Umwagiliaji. Na kama skimu hiyo ni kubwa kiasi cha kubadili mwenendo wa mto, italazimu ifanyiwe Tathmini ya Athari kwa Mazingira, ambayo husimamiwa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC. Kila ofisi ina sheria yake, fomu zake na ada zake, na ndiyo maana wananchi wengi, pamoja na baadhi ya viongozi wa vijiji na kata, huamini kwamba ruhusa ya ofisi moja ni ruhusa ya zote. Sivyo ilivyo, na migogoro mingi ya maji inaanzia hapo.

Sheria mbili ndizo zinazobeba mzigo mkubwa. Ya kwanza ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Namba 20 ya mwaka 2004. Ya pili ni Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Namba 11 ya mwaka 2009, iliyotungwa ili kutekeleza Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002. Ipo pia Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, lakini hiyo inahusu maji yakiwa tayari ndani ya bomba: nani anasambaza, kwa bei gani, na nani anamsimamia msambazaji. Zote hizi zinahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria na taasisi zake, kwa kuwa maji na mazingira si mambo ya Muungano.

Msingi wa sheria ya mwaka 2009 ni kwamba maji yote ni mali ya umma, na Rais amekabidhiwa kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Maana yake ni nzito kuliko inavyosikika. Mtu anaweza kuwa na hati halali ya shamba lenye chemchemi katikati, na bado chemchemi ile isiwe yake. Anachoweza kuwa nacho ni haki ya kutumia, na haki hiyo ina ngazi. Kuchota maji ya kunywa, kupikia na kufulia, kuvuna mvua kutoka kwenye bati la nyumba, au kutumia kisima kifupi kilichochimbwa kwa mikono kwa mahitaji ya nyumbani, hakuhitaji kibali. Lakini anayechimba kisima kirefu kwa mashine, anayeziba mto kwa bwawa, anayechepusha maji kwa ajili ya shamba, kiwanda, mgodi au mtambo wa umeme, ni lazima awe na kibali cha kutumia maji kutoka bodi ya bonde.

Sheria hiyo hiyo imepanga nani aanze maji yanapopungua. Mahitaji ya msingi ya binadamu yanatangulia. Ya pili ni mazingira yenyewe, yaani kiasi cha maji kinachopaswa kubaki mtoni ili samaki, wanyama, mimea na ardhioevu viendelee kuishi. Kilimo cha umwagiliaji, viwanda, migodi na umeme vinafuata baada ya hapo, kwa kadiri ya maji yaliyosalia. Nasisitiza jambo hili kwa sababu katika mijadala ya hadhara mazingira hutajwa kama hisani, kana kwamba mto unaachiwa maji pale tu wakubwa wanapokuwa wameshiba. Kwa mujibu wa sheria mambo ni kinyume: mto una fungu lake, na fungu hilo linatangulia shamba la mpunga na mtambo wa umeme.

Usimamizi wenyewe umegawanywa kwa mabonde, wala haufuati mikoa. Yapo mabonde tisa: Pangani, Wami/Ruvu, Rufiji, Ruvuma na Pwani ya Kusini, Ziwa Nyasa, Bonde la Kati, Ziwa Rukwa, Ziwa Tanganyika na Ziwa Victoria. Bodi ya Pangani ilianza mwaka 1991 na ya Rufiji ikafuata mwaka 1993. Sababu ya mgawanyo huu ni ya kimaumbile, kwani mto haujui mpaka wa wilaya. Maji ya Ruaha Mkuu yanatoka katika nyanda za juu za Mbeya na Njombe, yanapita Iringa, yanajaza bwawa la Mtera kwenye mpaka wa Iringa na Dodoma, yanazungusha mitambo ya Kidatu mkoani Morogoro, kisha yanaungana na Rufiji kuelekea baharini. Mkuu wa wilaya mmoja akiamua peke yake kuhusu maji hayo, anaamua kwa niaba ya mamilioni ya watu asiowaongoza.

Mkanganyiko mwingine wa kila siku ni wa kuichukua bodi ya bonde kuwa ndiyo inayoleta maji nyumbani. Bodi haina mabomba. Wanaosambaza ni mamlaka za maji mijini, kama DAWASA kwa Dar es Salaam, na vijijini ni vyombo vya watoa huduma ngazi ya jamii vinavyosimamiwa na RUWASA, wakala ulioanza kazi mwaka 2019. Huduma za mijini zinadhibitiwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, inayopitisha bei. Watoa huduma hawa wote, kwa upande wao, ni wateja wa bodi ya bonde: DAWASA haiwezi kuvuta maji ya Ruvu bila kibali cha Bodi ya Wami/Ruvu, sawasawa na mwenye shamba la maua au kiwanda cha sukari. Ruvu ilipopungua mwishoni mwa mwaka 2022 na Dar es Salaam ikaingia katika mgawo wa maji, swali la kisheria lilikuwa juu ya waliokuwa wakichepusha maji huko juu, kabla mto haujafika kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, na kama walistahili kuendelea wakati mji unakosa maji ya kunywa.

Kibali chenyewe ni nini? Ni karatasi inayotaja mtumiaji, chanzo, mahali pa kuchotea, shughuli na kiasi, na kiasi hicho mara nyingi huandikwa kwa lita kwa sekunde. Kina masharti, kina ada ya kila mwaka, na kinaweza kupunguzwa au kusitishwa ukame unapokuja. Wala hakiahidi kwamba maji yatakuwepo. Kabla ya kutolewa, maofisa wa bonde wanapaswa kukagua eneo, na wanaoweza kuathirika wapewe nafasi ya kuweka pingamizi. Hatua hii ya pingamizi ndiyo muhimu kuliko zote kwa wanakijiji wa chini ya mto, na ndiyo inayopita bila kuonekana, kwa kuwa tangazo likibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya wilaya kilomita 40 kutoka kijijini, wanaohusika hawalioni mpaka siku mfereji unapokauka.

Udhaifu wa mfumo huu unaonekana vizuri zaidi katika bonde la Usangu, huko huko Mbarali, na hapo inafaa tukae kidogo. Usangu ni tambarare kubwa chini ya milima, ambako Ruaha Mkuu hupokea vijito na mito kama Ndembera, Mbarali, Kimani na Chimala, kisha maji yote hukusanyika katika ardhioevu ya Ihefu. Ihefu ina mlango mmoja tu wa kutokea, kizingiti cha mwamba mahali paitwapo N'giriama. Maji ya Ihefu yakishuka chini ya kimo cha kizingiti hicho, mto unasimama, na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha iliyo mbele yake inabaki na madimbwi ambamo viboko na mamba wanasongamana. Mto huo ulizoeleka kutiririka mwaka mzima. Mwaka 1993 ulisimama wakati wa kiangazi, na tangu hapo kukauka kwa wiki kadhaa, na miaka mingine kwa miezi, kukawa jambo la kawaida. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, aliahidi kwamba Serikali ingehakikisha Ruaha Mkuu unatiririka mwaka mzima ifikapo mwaka 2010. Mwaka 2006 wafugaji na mifugo yao wakaondolewa kwa nguvu Usangu, na mwaka 2008 eneo la Ihefu likaingizwa katika hifadhi ya taifa. Mwaka 2010 ukafika, na mto ukaendelea kukauka.

Sababu haiwezi kutupiwa kundi moja. Ng'ombe walilaumiwa sana, lakini tafiti zilizofanyika Usangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilionyesha kwamba kilichopunguza maji ya kiangazi, kuliko chochote kingine, ni uchepushaji wa maji kwenda mashambani, ukiwamo wa miezi ambayo mpunga wenyewe haupo shambani. Hapa ndipo inapofaa kulitazama kwa karibu banio, yaani kizuizi kinachojengwa mtoni ili kuelekeza maji kwenye mfereji. Banio la kienyeji lilijengwa kwa magogo, mawe, majani na udongo. Mto ukifurika linavunjika, na wakati wa kiangazi linavuja, hivyo maji ya chini hupenya na kuendelea na safari. Banio la kisasa ni ukuta wa zege uliokatiza mto kutoka kingo hadi kingo, lenye lango la chuma linalofunguliwa kwa kuzungusha usukani. Linadumu, na linawaondolea wakulima adha ya kujenga upya kila mwaka. Lakini kiangazi, mto unapokuwa mwembamba, lango lile likiachwa wazi linaweza kumeza karibu maji yote, kwa sababu ukuta hauvuji. Uboreshaji uliokusudiwa kuongeza ufanisi ukawapa watu wa juu uwezo wa kuuzima mto, uwezo ambao magogo hayakuwapa.

Na kibali? Kilikuwepo. Skimu nyingi zilikuwa na haki za maji zilizosajiliwa, zilizoandikwa kwa lita kwa sekunde. Tatizo ni kwamba kwenye mabanio mengi hapakuwa na kipimio kinachoaminika, na hata palipokuwa na ubao wenye alama za sentimita uliosimikwa kwenye mfereji, hapakuwa na mtu wa kuusoma kila siku na kulinganisha na kilichoandikwa kwenye kibali. Zaidi ya hapo, ada haikutegemea maji yaliyochukuliwa hasa, ilitegemea maji yaliyoandikwa. Mkulima aliyelipia lita fulani aliona, kwa haki kabisa, kwamba amenunua maji hayo na hana sababu ya kufunga lango baada ya mavuno. Kwa maoni yangu hili ndilo fundo kuu la mfumo mzima: tumejenga sheria inayohesabu lita, tukaipeleka kwenye mito ambayo haipimwi. Kibali kisicho na kipimio hakimlindi mtu wa chini ya mto, na wala hakimsaidii ofisa wa bonde anayetakiwa kuamua nani afunge lango leo.

Kilichofanya kazi vizuri zaidi, pale kilipofanya kazi, ni zamu. Jumuiya za Watumia Maji, ambazo sheria ya mwaka 2009 inazitambua, huwakutanisha wa juu na wa chini wa kijito kimoja, wakapanga siku na saa. Zamu haihitaji kujua ni lita ngapi zinapita. Inahitaji kujua kwamba kuanzia Jumatatu asubuhi lango la juu limefungwa, na kila mtu anaweza kuliona limefungwa. Jumuiya hizi ni changa kifedha na nyingi hulala mradi uliozianzisha unapokwisha, lakini wanaozidharau wanapaswa kueleza ni ofisa gani atakayelinda mabanio yote ya Mbarali usiku.

Sasa tuje kwenye mita 60, maneno yanayotajwa kuliko kifungu kingine chochote cha sheria za mazingira nchini. Yanatoka kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Kifungu kinakataza, ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ziwa, kingo za mto, bwawa au hifadhi ya maji, shughuli za kibinadamu za kudumu, au ambazo kwa asili yake zinaweza kuhatarisha uhifadhi wa eneo hilo. Hapo kuna vitu viwili vinavyopotea maneno yanapopita mdomo kwa mdomo. Kwanza, hakisemi kwamba mtu haruhusiwi kukanyaga ndani ya mita 60. Kinazungumzia udumu wa shughuli na madhara yake. Pili, kinampa Waziri mamlaka ya kutoa miongozo ya namna shughuli zinavyoweza kufanyika karibu na maeneo hayo. Kwa maneno mengine, sheria imeweka mstari na imeacha nafasi ya kupambanua kati ya mtu na mtu, kati ya hoteli ya zege ufukweni na bustani ya mchicha ya miezi mitatu.

Nafasi hiyo ya kupambanua ndiyo inayokosekana katika utekelezaji. Chukua vinyungu vya Iringa na Njombe. Kinyungu ni shamba dogo la bondeni, linalolimwa kiangazi kwa unyevu uliobaki ardhini, kwa mahindi mabichi, maharage na mboga, na kwa kaya nyingi ndicho kinachovusha miezi ya njaa kabla ya mvua. Kiko ndani ya mita 60 kwa sababu bonde lenyewe halina upana wa mita 60. Mahali pengi, ukipima kila upande kutoka kwenye kijito, umemaliza bonde na umeanza kupanda kilima. Je, ni shughuli ya kudumu? Hulimwa kila mwaka, lakini hakuna jengo. Inaharibu? Inategemea: kinyungu kinachoacha majani na matete ukingoni na kulimwa kwa matuta yasiyoelekea mtoni ni tofauti na kile kinachokata mifereji ya kukausha chemichemi na kung'oa kila kitu mpaka kwenye maji. Kuwaamuru wote waondoke ni rahisi kwa anayetoa amri, lakini ni kuifanya sheria iwe butu kuliko ilivyoandikwa. Wakati huo huo, sikubaliani na wanaosema vinyungu viachwe kabisa. Chemichemi za nyanda za juu ndizo zinazolisha Ruaha wakati mvua haipo, na chemichemi iliyokaushwa kwa mifereji hairudi kwa msimu mmoja.

Kuna pia swali la kipimo chenyewe: mita 60 kutoka wapi? Mto wa Usangu unaweza kuwa na upana wa hatua chache mwezi Oktoba na kusambaa uwandani mwezi Machi. Ziwa Victoria lilipopanda sana mwaka 2020, nyumba zilizojengwa mbali na ufukwe zilijikuta majini. Ndiyo maana kuweka mawe ya mipaka kuzunguka vyanzo vya maji, kazi ambayo bodi za mabonde zimekuwa zikiifanya pamoja na vijiji, ina thamani kuliko hotuba. Jiwe likishasimikwa mbele ya wanakijiji na kuandikwa kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, ubishi wa wapi mstari unapita unakwisha, na unabaki ubishi wa haki: aliyekuwa analima ndani ya mstari kabla haujachorwa apelekwe wapi.

Upande wa uchafuzi, ruhusa zinagawanyika tena. Kiwanda chenye kibali cha kuchota maji hakijaruhusiwa kwa kibali hicho kurudisha maji machafu mtoni. Kinahitaji kibali kingine cha kutiririsha majitaka, kinachotolewa pia na bodi ya bonde, na maji hayo yanapaswa kufikia viwango vilivyowekwa, vikiwamo vya kanuni za ubora wa maji za mwaka 2007 zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira. Kando ya hapo kinahitaji cheti cha mazingira, ambacho ni matokeo ya tathmini iliyofanywa kabla ya ujenzi. Cheti kinazungumzia mradi wote. Kibali cha kutiririsha kinazungumzia maji yanayotoka kwenye bomba leo. Mwenye kiwanda akionyesha cheti cha mazingira mbele ya wanakijiji wanaolalamikia mto uliobadilika rangi, amejibu swali ambalo hawakuliuliza.

Tukio la Mto Mara linaonyesha nini hutokea vipimo vya kawaida vinapokosekana au visipojulikana kwa umma. Machi 2022 maji ya mto huo yaligeuka meusi na samaki wakafa. Kamati iliyoundwa na Serikali ilieleza kwamba chanzo ni mlundikano wa kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, vilivyomaliza oksijeni majini. Wananchi wengi hawakuridhika, kwa kuwa katika bonde hilo kuna uchimbaji wa dhahabu na kumbukumbu za malalamiko ya miaka mingi. Maelezo ya kupungua kwa oksijeni yanawezekana kisayansi. Jambo hilo hutokea kwenye ardhioevu zenye mifugo mingi, hasa mvua za kwanza zinapozoa uchafu. Lakini sampuli inayochukuliwa baada ya samaki kufa haiwezi kubeba peke yake mzigo wa kuaminika. Ili iaminike, lazima kuwe na vipimo vya mwezi uliopita na mwaka uliopita, kutoka mahali palepale, vilivyowekwa wazi ambapo mvuvi wa Kirumi au mwalimu wa Tarime anaweza kuvisoma.

Limebaki jambo moja ambalo jamii nyingi zenye mifereji ya asili hazijaambiwa kwa uwazi. Sheria ya mwaka 2009 inatambua haki za kimila za maji na kuzipa hadhi sawa na ya kibali kilichotolewa na bodi. Mifongo, yaani mifereji ya asili ya Wachaga kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na ndiva za Wapare huko Same na Mwanga, mabwawa madogo ya udongo yanayojazwa usiku na kufunguliwa asubuhi kwa zamu, si uvamizi unaosubiri kuhalalishwa. Hata hivyo haki isiyoandikwa popote ni ngumu kuitetea mbele ya mwekezaji aliyeshika karatasi yenye muhuri. Njia iliyopo ni kuipeleka haki hiyo ikasajiliwe katika ofisi ya bonde: Moshi kwa Pangani, Iringa kwa Rufiji, Morogoro kwa Wami/Ruvu, Mbeya kwa Ziwa Rukwa, na kadhalika. Ombi liwe la kikundi chote kinachotumia mfereji, likiambatana na muhtasari wa mkutano wa kijiji, lisiwe la mwenyekiti peke yake, na litaje maji ya masika mbali na maji ya kiangazi. Lita zikiandikwa kwa wastani wa mwaka, kikundi kitakuwa na haki kubwa kwenye karatasi mwezi Aprili, wakati kila mtu ana maji, na haki isiyoeleweka mwezi Oktoba, wakati ugomvi unapoanza.